Namba ya kusubu: jinsi kipuri cha gari la kale kinavyojitaja

Namba ya kusubu ni ile namba, herufi au tarehe iliyonyanyuka juu ya uso wa chuma, ikiwa sehemu ya chuma chenyewe. Haikuandikwa baadaye. Kusubu ni kumimina chuma kilichoyeyuka kwenye kalibu, yaani umbo lenye uwazi wa kipande kinachotakiwa, na namba ilikuwamo ndani ya kalibu hiyo kabla chuma hakijamiminwa, na chuma kilipopoa kikatoka nayo, kama kitumbua kinavyotoka na umbo la kikaango chake.

Ipo namba nyingine ambayo watu huichanganya na hii, nayo ni namba ya kugonga. Hiyo imezama. Ilipigwa kwa nyundo na chapa baada ya chuma kupoa na kuchongwa. Ukiwa na shaka, pitisha ukucha: ukikwama kwenye kitu kilichotokeza, hiyo ni ya kusubu, ukidumbukia kwenye mfereji, ni ya kugonga. Ya kwanza inakuambia kipande kilizaliwa lini na ni kipande gani. Ya pili inakuambia kiliingia kazini lini, au kilifungwa kwenye gari gani. Anayefufua gari la kale akizichukua hizi mbili kuwa kitu kimoja, kila atakachofanya baada ya hapo kitakuwa kimepinda.

Tuchukue Ford Model T, gari lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15. Kwa wingi huo mtu angetarajia spea zote zifanane. Hazifanani. Kiwanda hakikungoja mwaka uishe ndipo kibadilishe kitu. Badiliko lilipokuwa tayari liliingia kwenye mstari wa kuundia magari, na shehena ya zamani ikaendelea kutumika mpaka iishe. Rejeta ya shaba ilidumu hadi magari ya 1916, kisha ikaja yenye ganda la chuma lililopakwa rangi nyeusi. Pedali za miaka ya mwanzo zina herufi C, R na B, za klachi, rivasi na breki. Za baadaye hazina. Kwenye baadhi ya vipande vya mwanzo utakuta herufi DB, kwa sababu ndugu wawili wa Dodge ndio waliomtengenezea Ford mashine nyingi hadi 1914, kabla hawajaanza kuuza gari lenye jina lao.

Sasa bloku ya injini. Imelala gerejini, imejaa grisi iliyokauka na kutu. Usiipige msasa, wala usiipeleke kwenye mchanga wa kompresa. Chukua mafuta ya taa na brashi ya nailoni, osha taratibu, acha ikauke. Kisha lalisha kipande cha chaki ubavuni na ukipitishe juu ya chuma bila kukandamiza. Chaki inashika vilivyonyanyuka tu, na polepole namba inajitokeza nyeupe juu ya chuma cheusi: 4-9-23. Mkenya au Mtanzania atasoma tarehe 4 Septemba. Siyo. Wamarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo bloku hii ilisubiwa tarehe 9 Aprili 1923. Piga picha kabla hujaifuta.

Halafu tafuta namba ya kugonga, upande wa kushoto, juu kidogo ya pale maji yanapoingilia bloku. Hiyo ndiyo iliyokuwa namba ya gari lenyewe, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya maisha ya Model T fremu haikuwa na namba yoyote. Tafuta kwenye jedwali la namba za Ford injini yenye namba hiyo ilitoka lini, kisha ziweke tarehe hizo mbili pamoja. Injini haiwezi kufungwa kabla bloku yake haijasubiwa. Ukikuta namba ya injini ni ya 1919 na bloku ni ya 1923, ujue bloku ilibadilishwa. Usikimbilie kumwita aliyekuuzia tapeli: kampuni iliuza bloku za akiba zisizo na namba, na wakala akagonga namba ya ile iliyopasuka ili karatasi za gari zibaki halali. Hiyo nayo ni historia ya gari, na mimi naona inastahili kuachwa ilivyo.

Kwa msomaji wa Kenya, Uganda au Zanzibar lipo jambo la kuangalia zaidi. Makoloni ya Uingereza yalihudumiwa zaidi na Ford ya Kanada, yenye kiwanda chake Ontario, na si ile ya Detroit. Gari la huko lililoletwa kwenye makoloni haya lina usukani kulia, namba ya injini huanza na herufi C, na jedwali la namba za Marekani halilihusu. Ndani ya mbao za bodi mara nyingi utakuta skrubu zenye tundu la mraba, zile alizozibuni Mkanada P. L. Robertson. Nimeona watu wakizing'oa na kuzitupa kwa sababu bisibisi yao haikuingia, wakaweka skrubu za kawaida. Walitupa ushahidi uliokuwa unaeleza gari lilitoka wapi.

Namba za vipuri nazo zina mtego. Iliyosubiwa kwenye kipande, mara nyingi ikianza na T, ni namba ya kiwanda, ya mchoro. Orodha ya bei ya spea ilitumia namba nyingine kabisa. Ukitafuta moja mahali pa nyingine utaamua kwamba kipuri hakipo, wakati kipo.

Na vipimo ni vya inchi. Plagi ya Model T ina meno ya bomba ya nusu inchi, yale yanayojikaza kadiri yanavyoingia, kwa hiyo plagi ya gari la leo haitaingia hata ukilazimisha. Spana ya milimita italainisha kona za nati ambayo imekaa salama kwa miaka mia.

Ukishajua kipande ni nini, ndipo kazi ya kukifufua inapoanza, na hapo tabia ya chuma ndiyo inayoamua. Sumaku 16 za flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini, huisha nguvu lakini huchajiwa upya. Weka alama ya mpangilio wake kabla hujazifungua. Beringi tatu za krenki hazichomolewi kama za leo. Ni babiti, mchanganyiko wa bati, antimoni na shaba, uliomiminwa moja kwa moja kwenye chuma. Mafundi wa kale walipima joto lake kwa kijiti cha msonobari: kikigeuka kahawia bila kuwaka, babiti iko tayari. Tone moja la maji likiingia humo chuma hulipuka usoni, basi pasha moto bloku kwanza ikauke kabisa. Bitana kuukuu za breki na gasketi za kichwa zinaweza kuwa na asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Zilowanishe, usizipulize kwa upepo.

Mwisho kuna kipande kilichovunjika ambacho hakiuzwi popote, na hili huwapata zaidi wenye magari ambayo viwanda vyake vilikufa mapema, kama Maxwell au E-M-F. Wengi hukizika kile kibovu kwenye mchanga kama kielelezo na kumimina chuma palepale. Kinatoka kidogo kuliko cha kwanza, kwa sababu chuma cha kusubu husinyaa kwa takriban asilimia 1 kinapopoa. Kwenye kipande cha sentimita 30 ni milimita 3, na matundu ya bolti hayakutani tena. Kielelezo lazima kiongezwe unene kwanza. Tena kinatoka na tarehe ileile ya zamani imenyanyuka ubavuni, tarehe ambayo chuma hicho kipya hakikuwapo. Ijaze kwa nta kwenye kielelezo kabla ya kukizika, na mahali pake bandika mwaka wa leo.