Dagaa si mtoto wa sangara

Kila ninapoendesha darasa la upishi wa samaki kwa mama lishe na wapishi wa shule hapa Mwanza, lazima atokee mtu wa kuuliza: "Mwalimu, unatuambia tulinde ziwa, halafu unatupikisha dagaa. Dagaa si ndio watoto wa samaki?" Nimeulizwa na wapishi, nimeulizwa na walimu wa sayansi, na hivi karibuni nimeulizwa na ofisa anayepitisha manunuzi ya chakula cha wanafunzi wa bweni. Huyo alikuwa ameshawafuta dagaa kwenye orodha yake ili, kwa maneno yake, asishiriki kumaliza samaki. Badala yao aliweka sato wa saizi ya sahani, mmoja kwa kila mwanafunzi siku ya Jumamosi. Hapo nikaona kujibu darasani peke yake hakutoshi.

"Dagaa ni watoto wa samaki wakubwa"

Dagaa wa Ziwa Victoria ni samaki kamili. Wataalamu wanamwita Rastrineobola argentea, Wakenya wanamwita omena, Waganda mukene. Ukoo wake ni mmoja na ningu, na hana undugu wa karibu na sangara wala sato. Hata ukimwacha ziwani umri wake wote hawezi kuwa sangara, na umri wenyewe ni mfupi: mwaka mmoja, akibahatika miwili. Katika muda huo amekua, ametaga na amekufa. Urefu wake ukishafika sentimita nne au tano amekuwa mtu mzima, na ni wachache wanaokaribia sentimita tisa.

Asiyeniamini aende mwaloni alfajiri, mitumbwi inaporudi, kabla dagaa hawajaanikwa. Achague mmoja aliyetuna tumbo, alaze kwenye kiganja na kumpasua kwa ukucha wa kidole gumba kuanzia nyuma kwenda mbele. Atakuta mayai, yamebanana kama uwele, yamejaza tumbo lote. Samaki wa urefu wa kidole chako cha mwisho, na ana mayai. Mtoto hatagi.

Sasa pima sangara kwa rula hiyo hiyo. Sangara anaweza kukaribia urefu wa mita mbili, na jike lake kwa kawaida halijataga hata mara moja kabla ya kuvuka nusu mita. Kwa hiyo yule sangara wa sentimita 30 anayeonekana "mkubwa wa kutosha" kwenye meza ya muuzaji, yeye ndiye mtoto. Ndiyo maana kanuni zinakataza sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25. Sato wa ziwani anayeenea vizuri kwenye sahani ya bweni, kichwa hadi mkia, mara nyingi hafiki hizo 25. Ofisa wetu, kwa nia njema kabisa, aliwakataa watu wazima akanunua watoto.

Hiki ndicho kinachonikera katika dhana hii kuliko nyingine zote: inawapotosha watu wanaojali. Asiyejali ziwa hanunui kwa kufikiri, anakula kilichopo. Anayejali ndiye anayewakimbia dagaa, na akiwakimbia anaangukia kwenye kitoweo kinachochukua miaka kukua na ambacho kimekuwa kikipungua.

Tazama pia jinsi dagaa anavyozaliana. Anataga mwaka mzima, misimu fulani kwa wingi zaidi, na kizazi kimoja kinampokea kingine ndani ya miezi. Uvuvi wake wenyewe una mapumziko. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola, kwa sababu mwanga huvuta wadudu na vijidudu vya majini ambavyo ndivyo chakula chake. Mbalamwezi ikitawala ziwa zima, taa ya mvuvi haina mvuto tena, mitumbwi inakaa nchi kavu hadi giza lirudi. Haya yote pamoja ndiyo yanayomwezesha dagaa kuvuliwa kwa wingi mno, takriban nusu au zaidi ya uzito wote wa samaki wanaotoka Ziwa Victoria, na bado akaendelea kuwapo. Sisemi hawezi kuisha. Nyavu zikiongezeka bila kikomo ataisha kama mwingine yeyote, na tayari dagaa wa leo anapevuka akiwa mdogo kuliko dagaa wa enzi za babu zetu. Ninachosema ni kwamba ukitaka kula samaki wa ziwa hili bila kulikopa, dagaa ndiye wa kwanza kwenye orodha.

Dhana hii ina mzizi wa kweli, na mzizi huo uko kwenye wavu. Mvuvi wa dagaa anayekwenda mbali, kwenye kina, akatumia wavu halali wenye macho ya milimita 8, kwa sehemu kubwa anarudi na dagaa. Anayevuta kokoro, yaani wavu mrefu wa kukokota hadi ufukweni, anazoa kila kitu, maana pembezoni penye majani ndipo sangara na sato wanapolelea watoto wao. Fungu lake ukilichambua utaona. Dagaa ana rangi ya fedha, ametandazika ubavuni, na mgongoni ana pezi moja laini lililosogea nyuma. Mtoto wa sangara ana mabaka ya kahawia, mdomo mpana, na pezi la mbele mgongoni lina miiba migumu: mpapase kutoka mkiani kwenda kichwani, itakuchoma. Furu, samaki mwingine mdogo wa ziwa hili, naye ana miiba, ila mwili wake ni mpana mfupi. Ukikuta watoto wa sangara kila unapochota kiganja, usinunue, na mwambie muuzaji kwa nini hununui. Wachuuzi wanasikiliza pesa kuliko wanavyosikiliza semina zetu.

Ieleweke pia kwamba neno dagaa linabeba samaki wengi. Wale wa Kigoma, ambao Burundi huitwa ndagala, ni aina mbili za Ziwa Tanganyika, za ukoo mwingine kabisa na dagaa wa Mwanza. Mmoja wao alipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo Wanyarwanda wanamwita isambaza, Wakongo sambaza. Dagaa mchele wa Zanzibar ni samaki wa baharini, huchemshwa kwa maji ya chumvi kisha huanikwa, na wengi wao huishia Kongo. Wote hawa ni samaki wadogo kwa asili yao. Hakuna hata mmoja anayesubiri kuwa samaki mwingine.

"Dagaa ni chakula cha maskini na kuku"

Maneno haya nayasikia zaidi kwa watu waliopanda cheo. Mtu amekulia Ukerewe au Musoma kwa dagaa, akipata mshahara anaona aibu kuwaweka mezani mbele ya wageni.

Dagaa mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Lakini protini hata minofu ya sangara inayo. Tofauti kubwa iko katika vile ambavyo minofu haina. Dagaa unamla mzima: mifupa yenye kalsiamu, kichwa, macho na maini yenye vitamini A, damu yenye chuma, pamoja na zinki na vitamini B12. Minofu mieupe ya samaki mkubwa imeshaacha vitu hivyo kwenye mgongo wazi, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, na kwenye utumbo. Mwaka 2021 mtaalamu wa lishe Shakuntala Thilsted alipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi iliyoanzia kwa samaki wadogo wa Bangladesh, akionyesha jinsi wanavyobeba virutubisho ambavyo mama wajawazito na watoto wa vijijini wanavikosa. Samaki wale ni wa ukoo mmoja na dagaa wetu. Tuzo hiyo imetolewa kwa aina ya chakula ambacho sisi tunakisaga tukawape kuku.

Na kweli tunawapa. Sehemu kubwa ya dagaa wa Victoria inakwenda kwenye chakula cha mifugo, wakati watoto wa mikoa hiyo hiyo wana upungufu wa damu. Sina ugomvi na wafugaji. Ila najua sababu mojawapo ya dagaa kwenda kwa kuku ni kwamba ameanikwa mchangani, mvua ikamnyeshea, akaharibika, na mnunuzi wa chakula cha binadamu akamkataa. Dagaa huyo huyo akianikwa kwenye kichanja, juu ya wavu, hewa ikapita chini na juu, anakauka haraka, anabaki anang'aa, na bei yake inapanda. Kichanja ni miti, misumari na kipande cha wavu. Wanawake wanaochakata dagaa wakipewa mtaji mdogo wa vichanja, samaki wengi wangerudi mezani bila kuongeza mtumbwi hata mmoja ziwani.

Anayekata vichwa na kutoa matumbo "kwa usafi", anatupa ile sehemu niliyoisifia hapo juu. Aache.

"Dagaa wana mchanga na uchungu, havitoki"

Vinatoka, na ni kazi ya dakika chache. Wapishi wengi huwamwagia dagaa maji yanayochemka moja kwa moja. Ngozi inalainika, inapasuka, mchanga unaganda humo humo, na wewe unaulalamikia hadi mwisho wa mlo.

Anza na moto, maji yafuate. Weka sufuria kavu jikoni, mimina dagaa bila mafuta, geuza kwa mwiko moto ukiwa mdogo mpaka wawe wakavu kabisa na waanze kuchakarisha. Waipue, wasugue kidogo kwa viganja juu ya ungo, kisha pepeta. Mchanga mwingi utaondoka hapo. Ndipo uoshe kwa maji ya vuguvugu, ukiwachota juu juu kwa mkono na kuuacha mchanga chini ya beseni. Rudia mpaka beseni lisibaki na kitu. Usiloweke. Dagaa aliyelowekwa nusu saa ameacha ladha yake kwenye maji.

Uchungu una sababu mbili. Wa kidogo hutoka kwenye nyongo, na huo unaisha kwa limau na nyanya. Ule mkali unaokwaruza koo ni mafuta ya samaki yaliyochacha kwa kukaa sana juani au stoo, na huo hakuna kiungo kinachouondoa. Tatizo liko kwa aliyekuuzia. Dagaa mzuri ana rangi ya fedha. Akiwa wa manjano au wa kutu, mwache.

Kwa mapishi, nawashauri wote waanze na karanga. Kaanga kitunguu, weka dagaa waliokauka maji, wageuze mpaka wakakamae tena, ongeza nyanya, halafu karanga zilizosagwa ukizikoroga kwa maji kidogo. Chemsha taratibu mpaka mafuta ya karanga yaelee, kamulia limau ukishaipua. Wanafunzi waliodai hawali dagaa nimewaona wakikwangua sufuria kwa ugali wa dona. Kwa mtoto aliyeanza kula, wasafishe vivyo hivyo, wasage laini, changanya kijiko kimoja kwenye uji. Dagaa wa chumvi usimpe mtoto mdogo.

Nyingine za haraka

"Samaki asiye na nzi amewekewa dawa." Samaki aliyefunikwa barafu vizuri ni baridi, na nzi hawamfuati. Meza yenye nzi wengi si cheti cha usafi. Angalia mashavu, yawe mekundu. Macho yawe yametokeza. Bonyeza nyama, irudi.

"Samaki wa barafu hana lishe." Kuganda kunazuia kuoza, protini na madini vinabaki. Kinachomharibu ni kuyeyushwa na kugandishwa upya kila umeme unapokatika.

"Sato wa vizimba wamejaa homoni." Vifaranga vya sato katika vituo vingi hupewa homoni kwenye chakula kwa takriban wiki tatu hadi nne za mwanzo ili wote wawe madume, wasizaliane ovyo. Baada ya hapo hukua kwa miezi kadhaa bila hiyo, na mpaka anavunwa imeshatoka mwilini. Swali la maana la kumuuliza mfugaji ni kwamba chakula chake kina dagaa kiasi gani. Sato anakua vizuri kwa mashudu na pumba zikiwa sehemu kubwa ya chakula, hahitaji kulishwa dagaa kwa wingi.

"Samaki hawajapungua, wamehama." Nimeisikia Kigoma, nimeisikia Bukoba. Ziwa lina kingo, na mvuvi wa ng'ambo ya pili naye anasema wamehamia kwetu. Katika Ziwa Tanganyika tatizo ni mara mbili: nyavu zimezidi, na maji ya juu yamepata joto kiasi kwamba hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, hivyo hata chakula cha dagaa kimepungua. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi huko kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa makubaliano na Kongo, Burundi na Zambia. Kwa samaki anayekufa akiwa na mwaka mmoja au miwili, miezi mitatu ya kutaga bila kuguswa ni muda mrefu. Anayefaidi ni mvuvi yule yule aliyelalamika, mradi asirudi na kokoro ziwa linapofunguliwa.