Viungo si jina la pili la pilipili

Mpwa wangu ameanza kuuza bisi barazani kwetu Isevya, hapa Tabora. Kibao aliandika kwa chaki: BISI TAMU ZA VIUNGO. Siku ya kwanza mama mmoja akamnunulia mwanawe wa miaka minne mfuko mmoja, na hata njia hawajavuka, mtoto analia ulimi uko nje. Mama akarudi amefura. "Sasa mjomba," binti akanigeukia, "si nimeandika viungo?"

Neno hili, viungo kwa maana ya pilipili, nimelivumilia kwenye mapaketi ya kripsi, kwenye vibanda vya chipsi, hata redioni. Barazani kwangu sikuweza.

Maana yenyewe ni fupi. Kiungo ni kitu kinachotiwa kwenye chakula kwa kiasi kidogo ili kukipa ladha au harufu: iliki, mdalasini, karafuu, bizari, tangawizi, kitunguu saumu. Pilipili nayo imo. Ila pilipili ni kiungo kama Mnyamwezi alivyo Mtanzania; ukiigeuza sentensi hiyo, Mpemba atakucheka.

Neno limetoka kwenye kuunga. Mchicha huungwa kwa nazi, maharage huungwa kwa kitunguu na nyanya, na aliyekula maharage yasiyoungwa akiwa bwenini hahitaji kuelezwa tofauti. Kuunga ni kushikanisha vitu vilivyokuwa mbalimbali. Ndiyo maana goti ni kiungo, tunafanya mazoezi ya viungo, na nchi mbili zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964 tukapata Muungano. Kwenye mpira, kiungo ni yule wa katikati anayepokea kwa mabeki na kupeleka mbele. Hafungi sana, lakini akiumia timu nzima inaonekana haijuani. Jikoni kazi ni hiyohiyo. Mdalasini hauingii kwenye pilau ili usikike mdalasini; unaingia ili nyama na mchele vijuane.

Kuwasha hakumo humo hata kidogo. Ukiagiza chai ya viungo unategemea tangawizi na iliki, na ukichomwa mpaka machozi utamwita mwenye mgahawa. Zanzibar inaitwa visiwa vya viungo kwa sababu ya karafuu na wenzake. Wageni hawapandi ndege kwenda kuwashwa.

Nadhani kosa limekuja na mapaketi. Kiingereza kina neno moja, spicy, ambalo hubeba chakula chenye viungo na chakula kinachowasha kwa pamoja, na mtu wa kutafsiri akachukua la kwanza akasahau la pili. Kiswahili hakina shida hiyo. Sisi tunasema pilipili inawasha. Tunasema pia kali, ingawa kali imebebeshwa mengi: kisu, jua, mbwa, mwalimu na chai iliyozidi majani. Kuwasha ndilo neno sahihi zaidi, kwa sababu upupu nao unawasha na hakuna anayesema upupu una ladha. Na kweli pilipili haina ladha ya ukali. Kilichomo ndani yake, kapsaisini, huamsha mishipa ileile inayoutaarifu ubongo kwamba umegusa kitu cha moto. Ulimi haujaungua, umedanganywa tu. Ndege hawadanganyiki, ndiyo maana huzila pilipili shambani bila wasiwasi na kuzisambaza mbegu.

Pilipili yenyewe ina historia ya kuchanganywa, kwa hiyo mpwa wangu si wa kwanza. Jina limetujia kupitia Uajemi na Uarabuni, na mizizi yake ni ya Kihindi cha kale. Mwanzoni lilihusu punje zile nyeusi na ndugu zake, hii tunayoiita pilipili manga, Manga ikiwa ni Uarabuni. Pilipili nyekundu ya kuwasha asili yake ni Amerika, na upande huu wa dunia haikuwahi kuonekana kabla ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492. Alikuwa anatafuta njia ya kwenda kwenye viungo vya Mashariki, akakuta kitu kingine kinachochoma mdomo, na Wahispania wakakipa jina linalofanana na la kile walichokikosa. Nasi tukafanya hivyohivyo. Na mahindi? Jina linasema yametoka India, na yenyewe yametoka Amerika vilevile. Yaani mfuko mmoja wa bisi za pilipili una vitu viwili kutoka Amerika, na vyote viwili majina yake yanaangalia India. Mimi hili hunifurahisha kuliko bisi zenyewe.

Basi turudi kwenye sufuria, kwa kuwa binti aliuliza na si vizuri kumjibu kwa historia peke yake.

Chukua mahindi ya bisi, yale madogo ya mviringo yenye ganda gumu. Mahindi ya ugali hayatakufaa. Bisi hupasuka kwa sababu maji yaliyomo ndani ya punje, kama asilimia 14 ya uzito wake, hugeuka mvuke na kukosa pa kutokea mpaka punje ifike kwenye nyuzijoto 180 hivi. Ganda lenye ufa huuachia mvuke mapema, nawe unabaki na mahindi ya kukaanga, ambayo nayo ni chakula kizuri ila si bisi. Nusu kikombe cha mahindi, vijiko vitatu vikubwa vya mafuta, funika, tikisa, na ukihesabu sekunde mbili kati ya mlio na mlio, ipua. Ukipata mawese ya Kigoma jaribu nayo. Bisi zinatoka na rangi ya manjano kabla hujatia chochote.

Utamu hapa Tabora ni asali, sioni haja ya kubishana. Tumia ya nyuki wakubwa. Ya nyuki wadogo ina maji mengi, italowesha bisi, na kwa bei yake ni dhambi kuichemsha. Vijiko vinne vya asali, viwili vya sukari, viwili vya siagi, vichemke kwa moto mdogo mpaka tone ukilidondosha kwenye maji baridi likakamae. Ipua, ndipo utie chumvi na nusu kijiko cha chai cha pilipili ya unga. Usiipike pamoja na asali tangu mwanzo, itaungua na moshi wake utawatoa nje nyumba nzima. Siagi ni ya lazima, kwa kuwa kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji. Bila mafuta pilipili hukaa mafungu mafungu, bisi moja haina kitu na ya pili inakuliza. Mwagia, geuza haraka, tandaza kwenye sinia zipoe.

Ukiangalia vizuri, hapo kinachofanya kazi ya kuunga ni asali na siagi, ndivyo vinavyoshikisha pilipili kwenye bisi. Pilipili imeungwa, haikuunga. Lakini hilo nilijiwekea mwenyewe, binti alikuwa ameshaanza kupiga miayo.

Utamu nao hupunguza mwasho. Wilbur Scoville, mfamasia wa Marekani, alipobuni kipimo chake cha ukali wa pilipili mwaka 1912, mwaka uleule reli ilipofika Tabora, alichukua rojo la pilipili akalizimua kwa maji ya sukari mpaka waonjaji wasisikie kitu. Ndiyo sababu bisi za asali na pilipili humlaghai mlaji: unaanza na utamu, unachota konzi nyingine, na mwasho unakuja nyuma ukiwa umeshakula nusu mfuko. Mtu mzima hulipenda hilo. Mtoto wa miaka minne hajui kama alipaswa kulitegemea, na kibao hakikumsaidia mama yake, hasa kwa kuwa hata "tamu" kwetu si lazima iwe ya sukari. Nyama nayo ni tamu.

Sikumfutia kibao. Nilimwambia tu, mwanangu, mteja akisoma viungo anafikiria iliki, ongeza neno pilipili ajue anachonunua. Akaongeza: BISI TAMU ZA VIUNGO NA PILIPILI. Nikamuuliza viungo vimebaki vya nini, maana ndani mna pilipili tu. Jioni nikamkuta anasaga mdalasini.