Je, wajua kwa nini muvi za mazombi za hela kidogo ndizo zinazosema mambo mazito?

Chukua muvi yoyote ya mazombi iliyotengenezwa kwa hela za kuungaunga, stori karibu zote ni moja, watu wachache wamejifungia kwenye nyumba na maiti zinagonga madirisha. Lakini ikiisha unajikuta huziwazi zile maiti kabisa, unawawaza wale wa ndani, jinsi walivyobishana na kutoaminiana mpaka wakamalizana wenyewe. Kwa nini inakuwa hivyo? Wengi wanadhani madairekta wanaanza na ujumbe halafu wanautafutia mazombi. Mimi naona mara nyingi ni kinyume chake, ukata wenyewe ndio unaoleta ujumbe.

Tuanze na Night of the Living Dead ya 1968, maana hapo ndipo zombi huyu tunayemjua leo alipozaliwa, yaani maiti inayofufuka bila bwana wa kuituma na inakula watu. George Romero na wenzake walikuwa vijana wa Pittsburgh, Marekani, wana kampuni ndogo ya kutengeneza matangazo ya TV. Wakachangishana, wakaongeza marafiki na watu wa biashara za mtaani, bajeti nzima ikaishia kwenye dola 114,000 hivi, ambazo hata wakati ule zilikuwa hela ndogo sana kwa muvi ya sinema. Wakashuti kwa filamu nyeusi na nyeupe kwa sababu filamu ya rangi ilikuwa ghali. Damu ni sirapu ya chokoleti, kwenye nyeusi na nyeupe huwezi kujua. Matumbo na nyama zile mazombi wanazotafuna zilitoka kwa mwenye bucha ambaye naye alikuwa ameweka hela kwenye muvi, na nyumba ya shamba walikoshutia ilikuwa inasubiri kubomolewa, kwa hiyo walipigilia mbao na kuvunja wanavyotaka.

Sasa fikiria, huna hela ya kuonyesha jeshi, huna hela ya kuonyesha mji unaungua, utafanyaje ili mtazamaji aamini dunia inaisha? Unaweka redio na TV ndani ya nyumba. Taarifa za hatari zote zinawafikia wale watu kupitia watangazaji, na taarifa zenyewe zinagongana, mara kaeni ndani, mara kimbilieni kwenye vituo vya uokoaji, wanasayansi na wanajeshi wanabishana mbele ya kamera na hakuna jibu. Hiyo ilikuwa Marekani ya 1968, vita ya Vietnam inaonyeshwa sebuleni kila jioni na watu wameanza kuwa na mashaka na wanachoambiwa na wakubwa. Kitu kilichowekwa kwa sababu ya kubana matumizi kikawa picha ya nchi nzima.

Na mazombi wenyewe ni majirani na marafiki wa waliotengeneza, wamepakwa meikapu wakaambiwa watembee polepole. Adui anayetembea polepole hivyo huwezi kumtegemea dakika tisini, lazima ugomvi utoke kwingine, kwa hiyo ukaingia ndani. Kati ya waliojifungia, Ben anataka wakae juu wapigilie mbao, Harry anataka wote washuke chini ya nyumba wafunge mlango, na kila mmoja anaona kusikiliza mwenzake ni kushindwa. Wanapigana, bunduki inagombaniwa, Ben anampiga Harry risasi. Halafu angalia mwisho, anayebaki hai ni Ben peke yake, na amepona kwa sababu alijifungia kule kule chini alikokuwa anapakataa usiku kucha! Harry tuliyekuwa tunamchukia ndiye alikuwa na wazo sahihi, ila roho yake mbaya ilifanya hakuna wa kumsikiliza. Kila nikiliwaza hili naona ndipo ukali wa muvi ile ulipo, kuliko kwenye kuliwa nyama.

Halafu kuna Ben mwenyewe. Aliyemwigiza ni Duane Jones, mtu mweusi, na Romero alisema siku zote kwamba alimchukua kwa sababu ndiye aliyefanya vizuri zaidi kwenye majaribio, skripti haikusema Ben ni wa rangi gani. Sawa, naamini, lakini weka mtu mweusi anayetoa amri kwa weupe nyumba nzima mwaka 1968 uone kama hadithi inabaki ile ile. Sisi tumekua tukiambiwa stelingi hafi, na huyu amevuka usiku mzima, kumekucha, anasikia watu wa msako wanakuja na mbwa na bunduki, anachungulia dirishani, na wao bila kuuliza kitu wanampiga risasi ya kichwa wakidhani ni zombi. Kisha zinafuata picha mgando zenye chengachenga kama za gazeti, wazungu na silaha zao wanauburuta mwili kwa kulabu za nyama wakauchome. Mmarekani mweusi aliyekuwa anaangalia hakuhitaji kuelezwa picha zile zinafanana na nini, miti ya kunyongea watu ilikuwa bado kwenye kumbukumbu za wazee wake. Martin Luther King aliuawa tarehe 4 Aprili mwaka huo huo, na Romero alisimulia kwamba siku hiyo walikuwa barabarani wanapeleka muvi iliyokwisha kukamilika New York kutafuta msambazaji, habari wakaisikia kwenye redio ya gari. Kuna kampuni iliyotaka mwisho ubadilishwe Ben apone, wakakataa. Wangekuwa wametumia hela za studio kubwa nadhani wasingekuwa na ubavu wa kukataa, na hapa ndipo umaskini wa muvi unageuka kuwa uhuru.

Lakini hofu ya zombi ni kongwe kuliko Romero, na chimbuko lake liko Haiti. Kule watumwa walitoka Afrika wakafanyishwa kazi kwenye mashamba ya miwa ya Wafaransa mpaka walipoasi 1791 na kupata uhuru 1804. Zombi wa Haiti hali mtu yeyote. Ni marehemu aliyeibiwa roho akafufuliwa ili afanye kazi ya bwana wake bila kupumzika, yaani hata kifo, ambacho mtumwa alikitumainia kuwa mlango wa kutokea, kimefungwa. Mtanzania akisikia hivyo hahitaji maelezo mengi, tumekua na hadithi za misukule, mtu amezikwa na kuliliwa kumbe inasemekana analimishwa usiku shamba la mtu. Wanaotishwa na hadithi hizi hawaogopi kuliwa, wanaogopa kutumikishwa milele.

Marekani iliikalia Haiti kijeshi 1915 hadi 1934, na ndani ya kipindi hicho ndipo Hollywood ikampata zombi, White Zombie ikatoka 1932, nayo ya bei ya chini. Mle kuna kiwanda cha sukari kinachoendeshwa na mazombi, mmoja anatumbukia kwenye mashine na wenzake wanaendelea kusukuma kama hakuna kilichotokea. Hakuna anayehutubia kuhusu unyonyaji, ila ni tukio ambalo halikutoki kichwani.

Romero alirudi 1978 na Dawn of the Dead, safari hii kwenye jengo la maduka la Monroeville karibu na Pittsburgh, wanashuti usiku maduka yakifungwa na asubuhi wanaondoka wateja waingie. Maiti zinazungukazunguka kwenye maduka kwa sababu ndipo zilipopazoea zikiwa hai, na binadamu waliojificha humo wana kila kitu bure, manyoya, saa, chakula, na bado wanachoka na maisha. Kukodi jengo lililokuwapo tayari ni rahisi kuliko kujenga seti, na jengo lenyewe likawa ndiyo hoja.

Kilichofanya vijana duniani kote waige ni bahati mbaya moja ya ile ya 1968. Jina la kwanza la muvi lilikuwa jingine, msambazaji alipolibadilisha, ilani ya hakimiliki ikaondoka pamoja na jina lile la kwanza, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule kazi isiyo na ilani ni mali ya umma. Ikaonyeshwa, ikanakiliwa, ikauzwa na kila mtu, wenyewe wakikosa hela nyingi walizostahili, jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Mwaka 2017 Wajapani walitoa One Cut of the Dead kwa yen milioni 3 hivi na waigizaji wasiojulikana, inaanza na shoti moja ya dakika 37 bila kukatwa, halafu inakurudisha nyuma ya kamera kuonyesha jinsi kikundi kidogo kinavyohangaika kuimaliza kazi hiyo, baba na binti yake wakiwa humo humo. Mazombi wako pale pale, ila safari hii watu wa ndani ya nyumba wanasikilizana.