Kokoto kumi na mbili zinatosha likizo nzima

Shule ikikaribia kufungwa mwezi wa sita, wazazi hunisubiri getini na swali lilelile: "Mwalimu, tuisheni ya likizo ipo?" Watoto wao wana miaka minne, mitano. Nawaelewa. Mzazi anatoka alfajiri kuwahi daladala, anarudi giza limeshaingia, na mwezi mzima mtoto yuko nyumbani na dada, televisheni imewashwa tangu chai ya asubuhi. Wanaogopa atasahau alichojifunza. Nimefundisha darasa la awali hapa Dar es Salaam miaka kumi na saba, na jibu langu ni hili: chimba kishimo uani, okota kokoto kumi na mbili, mtoto acheze mdako.

Mtaani kwetu tunaucheza hivi. Kokoto zote zinakaa shimoni. Unarusha jiwe lako juu, na kabla halijashuka unazikomba zile kokoto nje kwa mkono uleule, kisha unalidaka. Unarusha tena, safari hii unazirudisha shimoni, ila unabakiza moja. Hiyo ni yako. Shimo likiisha, unaanza upya kwa kubakiza mbilimbili, kisha tatutatu, unapanda hivyo. Ukibakiza pungufu au ukazidisha, zamu inahama.

Sasa tazama kinachofanyika pale chini. Kwa kokoto kumi na mbili, mbilimbili zinaisha bila tatizo, tatutatu zinaisha, nnenne nazo zinaisha. Mkifika tanotano, zinabaki mbili ambazo hazina pa kwenda, na hapo ndipo ugomvi wa watoto unapoanza: ni za nani? Mtoto mmoja wa darasa langu aliziangalia kwa muda, akasema, "Hizi hazina wenzao." Alikuwa na miaka sita. Alikuwa amekutana na baki la kugawanya peke yake, kwa vidole vyake, kabla hajaambiwa kwamba kuna kitu kinaitwa kugawanya. Hakuna karatasi ya mazoezi ninayoijua mimi inayompa mtoto jambo hilo kwa uzito ule.

Mtoto wa miaka minne hawezi kurusha na kudaka, msimlazimishe. Kaka au dada yake arushe, yeye ahesabu. Na wewe ukipata dakika kumi jioni, kaa naye chini umsikilize. Mpe kokoto tano azihesabu, akimaliza muulize, "Ziko ngapi?" Watoto wengi wa umri huo huanza kuhesabu upya, moja, mbili, tatu. Wanajua wimbo wa namba, ila bado hawajui kwamba namba ya mwisho ndiyo idadi yenyewe. Usimkaripie. Hesabu naye polepole, ukifika mwisho zikusanye zote kwa kiganja na kusema, "Tano. Zote tano." Rudia kesho. Siku itafika atakujibu "tano" bila kurudi nyuma, na hiyo ni hatua kubwa kuliko kuimba hadi mia.

Kuna jambo jingine aliloligundua Jean Piaget, mtafiti wa Uswisi, nami huliona kila mwaka. Panga safu mbili za kokoto sita sita, kisha moja uitanue. Mtoto wa miaka minne au mitano atakuambia hiyo ndefu ina nyingi zaidi, hata kama amekuona unazisogeza. Bishana naye uwezavyo, hutamshawishi kwa maneno. Atahitaji kuzigusa mara nyingi mwenyewe.

Wakubwa kidogo wakihesabu kwa sauti, sikiliza wanapopita kumi na tisa. Wengi watasema "kumi na kumi". Mimi hufurahi nikisikia hivyo. Mtoto ameishika kanuni ya Kiswahili, kumi na moja, kumi na mbili, anaifuata mpaka mwisho wake, na ni sisi wenye neno "ishirini" ambalo halifanani na "mbili" hata kidogo. Muwekee mafungu mawili ya kokoto kumikumi, mwambie fungu hili na hili kwa pamoja huitwa ishirini. Yatosha.

Kuhusu televisheni, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka mitatu na minne asizidishe saa 1 mbele ya skrini kwa siku, na apate walau dakika 180 za kuuchezesha mwili. Kombolela na rede zinazimaliza dakika hizo bila wewe kuangalia saa. Jikoni napo pana mengi: mwache achambue choroko, apime vikombe vya mchele, amimine maji kutoka kwenye jagi. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, aliona watoto wakiacha midoli na kukimbilia kazi halisi. Nani kati yetu hajaona hivyo nyumbani kwake? Usiku, vitendawili. Anayetega "nyumba yangu haina mlango" analazimika kulifikiria yai kwa namna ambayo hakuwahi kulifikiria.

Tahadhari moja naisisitiza sana. Kama kuna mdogo wa chini ya miaka mitatu, kokoto zihesabiwe wakati wa kuanza na wakati wa kumaliza, kwa sababu atazitia mdomoni na kujikaba. Wanaoishi ghorofani wachore duara kwa chaki sakafuni, watumie mbegu za ubuyu, kwa tahadhari hiyohiyo.

Na kabla hujampangia dada ratiba ya masomo ya mtoto, muulize kama aliwahi kucheza mdako kwao. Mama mmoja aliniambia alimuuliza jioni, wakiwa wanaosha vyombo. Dada akafuta mikono, akatoka uani, akachimba kishimo kwa kijiko, na mama akamwona akikomba kokoto zote kwa mkupuo mmoja huku jiwe bado liko hewani. Mtoto alikuwa ameshakaa chini pembeni yake.