Muuguzi aliyechoka hahitaji kuambiwa ajitoe zaidi

Maswali haya yanawahusu wauguzi, matabibu na wahudumu wa wodi hapa Moshi, kuanzia hospitali kubwa za mjini hadi zahanati za Kibosho na Uru. Nayajibu nikiwa upande wao.

Siku hizi mgonjwa akifariki namfunika shuka, najaza faili, nakwenda kunywa chai. Je, nimekuwa mtu mbaya?

Hapana. Ganzi hiyo mara nyingi ni kinga ya akili iliyozidiwa. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililopitishwa 2019, linaeleza hali ya kuchakazwa na kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuibeza, na kujiona hufanikishi kitu. Shirika halikuihesabu kuwa ugonjwa. Linasema inatokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa, kwa hiyo usijihukumu kwa upungufu wa imani wala malezi.

Basi nipunguze huruma nisiumie?

Usipunguze. Watafiti Olga Klimecki na Tania Singer walipima ubongo wa watu waliofundishwa kwanza kuhisi maumivu ya wengine, kisha kuwatakia nafuu kwa upendo. Mafunzo ya kwanza yaliwaongezea huzuni. Ya pili yaliwarudishia hisia njema, na sehemu za ubongo zilizoamka zilikuwa nyingine. Kwa mama aliyepoteza mtoto leba, maana yake ni kukaa naye dakika mbili, kumwita kwa jina, kumweleza kilichotokea na kumuuliza nani aitwe. Huhitaji kuubeba msiba wake kama wako.

Nionavyo, kinachowamaliza wengi ni kujua kilichopaswa kufanyika na kushindwa kukifanya, kwa sababu dawa imeisha au mko wawili tu usiku kwa wodi nzima. Jeraha hilo la dhamiri halitibiwi kwa semina ya kujipenda.

Zamu ikiwa mbaya, tufanye nini pale pale?

Simameni kwanza. Muuguzi wa Marekani, Jonathan Bartels, alianzisha desturi ya timu kusimama kimya kwa muda mfupi kando ya kitanda baada ya mtu kufariki, kumheshimu marehemu na juhudi zilizofanyika. Haigharimu hata shilingi, na kwa watu wa hapa, ambao msiba hawaupiti hivi hivi, ni jambo linaloeleweka bila maelezo.

Kisha, wakati wa kukabidhi zamu, msiishie kwenye dripu na vipimo. Muulizane nani amepata usiku mgumu, na mpeni nafasi aseme bila kukatizwa. Kenneth Schwartz, mwanasheria wa Boston aliyefariki kwa saratani ya mapafu 1995, aliguswa sana na utu wa waliomhudumia. Taasisi iliyoanzishwa kwa jina lake hukutanisha wafanyakazi wa kada zote kuzungumzia kazi inavyowagusa moyoni. Kikao cha namna hiyo kisichanganywe na kile cha kupitia vifo vya wajawazito, kinachotafuta chanzo na marekebisho. Na wasafishaji waalikwe; nao huosha damu ya watu waliowazoea.

Nikifika nyumbani majirani wananisubiri na vyeti vyao. Nikikataa naonekana naringa.

Huu ni mzigo usiohesabiwa kwenye ratiba yoyote: wewe ni daktari wa ukoo, wa jumuiya na wa kikoba, na Desemba ndugu wakipanda kutoka Dar es Salaam foleni inaongezeka. Tenga muda na uutangaze: "Shangazi, nimetoka usiku, nilale kwanza, saa kumi njoo tuangalie." Dharura mwelekeze hospitali mara moja. Na mwenzi wako awajibu wageni wakati umelala, maana ukiwa mwenyewe utashindwa kusema hapana.

Mimi ni mganga mfawidhi, bajeti sina. Nianzie wapi?

Toa ratiba ya zamu mapema, usimrundikie mtu mmoja usiku mfululizo, na likizo iliyoombwa iende. Aliyechomwa sindano aanzishiwe dawa kinga ya VVU haraka, kabla ya saa 72, bila kugombezwa. Kiapo cha madaktari cha Geneva kiliongezewa 2017 ahadi ya daktari kutunza afya yake mwenyewe ili ahudumie vizuri. Kibandike ofisini kwako, kisha kiheshimu.

Lini nitafute msaada?

Ukikosa usingizi hata siku za mapumziko, ukihitaji pombe ili ulale, au huzuni ikizidi wiki mbili. Mawazo ya kujiua yasisubiri: mwambie mtu leo, asikuache peke yako, mwende wote hospitali. Na kama unaogopa kukutana na wenzako kwenye foleni ya kliniki ya afya ya akili hapa Moshi, panda Coaster uende Arusha. Ni takriban kilomita 80, na huko wewe ni mgonjwa kama wengine.