Muuza unga, marehemu na saa ya sheria Marekani

Mtu akifa kwa kuzidisha dozi Marekani, hasa zama hizi za fentanili, dawa kali ya kulevya, msibani hakukosi mwanasheria wa jamvini wa kueleza aliyemuuzia marehemu anaweza kushtakiwa mpaka lini. Nusu ya anayoyasema kayatoa kwenye filamu, nusu kaja nayo kutoka nyumbani.

"Kifo ni kifo, kesi haiozi."

Hapa mauaji yamechanganywa na uuzaji. Katika sheria ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, kwa kawaida kosa lisilo na ukomo wa muda wa kushtaki ni lile ambalo adhabu yake yaweza kuwa kifo. Kumuuzia mtu heroini au fentanili ikamuua kuna adhabu kali, miaka 20 hadi kifungo cha maisha, lakini hukumu ya kifo haimo. Kwa hiyo hati ya mashtaka lazima itoke ndani ya miaka 5. Aliyekulia Kenya anashangaa, wala si kosa lake: kule ukomo unagusa makosa madogo tu, yale ya kifungo kisichozidi miezi 6, ambayo hushtakiwa ndani ya miezi 12.

"Basi ni miaka 5 kila jimbo."

Hapana. South Carolina na Wyoming hazina ukomo kwa kosa lolote la jinai. California huyapa makosa mengi makubwa miaka 3, ila mauaji hayana mwisho, na baadhi ya waendesha mashtaka wa huko huwashtaki wauza fentanili kwa mauaji.

"Muuzaji akikimbilia kwao ikapita miaka mitano, amepona."

Saa ya shirikisho, yaani hesabu ya ile miaka 5, haimhesabii mtoro. Tena hati ikishatoka, kuchelewa kumleta mshtakiwa hakumwokoi kwa hesabu hiyo. Baktash Akasha na nduguye, wauza unga wa Kenya, walikamatwa Mombasa Novemba 2014, wakavutana na Marekani katika mahakama za Kenya hadi Januari 2017 walipopakiwa ndege kwenda New York. Baktash akahukumiwa miaka 25 mwaka 2019. Yao ilikuwa kesi ya biashara ya unga, haikuhusu kifo cha mnunuzi, lakini kanuni ya saa ni hiyo hiyo.

"Sheria hii ya miaka 20 hadi maisha imeletwa na fentanili."

Ni ya mwaka 1986. Juni 19 mwaka huo Len Bias, kijana wa mpira wa kikapu aliyekuwa amechaguliwa na Boston Celtics siku mbili tu kabla, alikufa kwa kokeini. Bunge likapitisha sheria kabla mwaka haujaisha. Rafiki yake aliyeshtakiwa katika mkasa huo aliachiwa huru mwaka uliofuata.

"Dawa zikionekana kwenye damu, kesi imekwisha."

Hapa ndipo kesi nyingi hukwama, kuliko kwenye kalenda. Mwaka 2010 huko Iowa mtu alikufa baada ya kuchanganya dawa mfululizo, mojawapo ikiwa heroini aliyouziwa na Marcus Burrage. Damuni mlikuwa na vitu kadhaa, na wataalamu hawakuweza kusema kama angepona lau asingejidunga ile heroini. Mahakama za chini zikaona inatosha kwamba heroini ilichangia. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa: ikiwa dawa hiyo peke yake haikutosha kuua, ni lazima ithibitishwe kwamba bila hiyo mtu asingekufa. Hatia ya kusababisha kifo ikafutwa, ya kuuza ikabaki.

Sasa tazama kinachotokea chumbani mwa marehemu. Shangazi anafagia, kijifuko cha plastiki chenye vumbi jeupe kinaingia jalalani kabla aibu haijaonekana na majirani. Simu inafutwa, apewe mdogo wake. Ndani yake mlikuwa na jina la aliyepigiwa mwisho, pesa iliyotumwa, na ujumbe wa saa nne usiku: "nipo nje". Miaka mitano yote bado ipo, ila ushahidi umekwenda na gari la taka Jumanne.