Schulz si mwalimu wa shule

Lugha ya Kijerumani ina majina ya ukoo ambayo watu wetu hupenda kuyafasiri kwa kubahatisha, na linaloongoza ni Schulz, pamoja na ndugu zake Schulze, Schultz na Scholz. Hoja huwa ile ile: "shule" tulilipata kwa Wajerumani, kwao ni Schule, basi Schulz atakuwa mwalimu. Kuhusu shule ni kweli kabisa. Kuhusu Schulz, hapana.

Kwa kifupi, Schulz ni mkato wa Schultheiß, cheo cha ofisa aliyekusanya kodi na stahiki nyingine za bwana mwenye ardhi na kusimamia baraza la kesi ndogondogo. Kwa Tanzania, mtu wa karibu naye ni jumbe wa enzi ya Wajerumani. Baadaye cheo kikageuka jina la ukoo.

Sasa tazama neno lenyewe. Kijerumani cha kale kilisema sculdheizo: sculd ni deni au wajibu, heizan ni kuamuru. Yaani anayewaamuru watu watimize wanachodaiwa. Sculd ndiyo Schuld ya leo, ambayo Mjerumani huitumia kwa deni na kwa hatia pia. Na hiyo z ya Schulz, inayotamkwa "ts", ni t ya upande wa deni iliyogandana na s ya upande wa amri baada ya katikati kumezwa. Schule, baada ya l, haina t wala s, na asili yake ni Kilatini, schola. Hawa wawili hawana hata ujomba. Cheo chenyewe ni cha zamani mno: sheria za Rothari, mfalme wa Walombardi, watu wa asili ya Kijerumani waliotawala Italia, zinakitaja mwaka 643.

Kwa nini basi akina Schulz ni wengi hivyo, hasa mashariki? Kati ya karne ya 12 na 14 walowezi wa Kijerumani walivuka mto Elbe kwenda kufungua vijiji vipya. Aliyewakusanya watu na kugawa mashamba mara nyingi ndiye aliyepewa u-Schulze wa kijiji, tena wa kurithisha wanawe, na shamba lisilotozwa kodi juu yake. Kila kijiji kilikuwa na wake. Silesia, eneo ambalo leo sehemu yake kubwa iko Poland, wakatamka Scholz, na Olaf Scholz, aliyekuwa waziri wa fedha kabla ya kuwa chansela, amebeba umbo hilo. Wapolandi walilichukua neno wakalifanya sołtys, na hadi leo ndivyo wanavyomwita mkuu wa kijiji. Westfalia, magharibi mwa Ujerumani, ni habari nyingine kidogo: Schulte wa kule alikuwa msimamizi wa shamba kuu la bwana, kwa hiyo jina likaishia kunukia utajiri wa mashamba kuliko baraza. Huko Württemberg, kusini mwa Ujerumani, Schultheiß alibaki cheo rasmi cha serikali za mitaa hadi 1930.

Wasomi waliopenda Kilatini nao walilivuruga kwa makusudi kwa kulivika sura ya Kilatini: ukoo wa mtunzi wa muziki Michael Praetorius ulikuwa Schultze tu.

Anayetaka jina la ukoo la mwalimu hajakosa. Wajerumani wanalo Schulmeister, na hilo, kwa mara moja, linasema kile kile linachosikika kusema.